Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu: pimeni na sikio

Waheshimiwa mnaotunga mitihani, mnaoandika mitaala na mnaonunua vitabu vya shule,

Salaam. Kabla ya yote naomba mnifanyie zoezi dogo, la dakika mbili. Someni kifungu hiki:

"Mbwiko alipomtunyua denzi, fulo zote zikakwabuka. Tangu siku hiyo hakuna denzi aliyekubali kutunyuliwa mbele ya fulo."

Sasa jibuni. Nani alimtunyua denzi? Denzi alipotunyuliwa, fulo zilifanya nini? Tangu siku hiyo denzi wamekataa kitu gani?

Hongereni, mmepata tatu kwa tatu. Ningekuwa nasahihisha ningewapigia vema zote na kuwaandikia "Vizuri sana" pembeni. Lakini hakuna hata mmoja wenu anayejua kama denzi ni mtu, mnyama au dudu, kwa sababu maneno hayo nimeyabuni mwenyewe jana usiku umeme ulipokatika. Mlichofanya ni kuliona neno kwenye swali, kurudi kwenye kifungu kulitafuta lilipo, na kunakili jirani yake. Hivyo hivyo ndivyo wanafunzi wangu wanavyofaulu ufahamu wa Kiingereza. Wanawinda maneno, wanayapata, wanapewa alama, na Kiingereza chenyewe kimewapita pembeni.

Ninafundisha Kiingereza Kidato cha Kwanza na cha Pili kwenye shule ya kata, Kanda ya Ziwa. Mkondo mmoja una wanafunzi sabini na ushei. Karibu wote wametoka shule za msingi za serikali, ambako walisoma kila kitu kwa Kiswahili isipokuwa somo la Kiingereza lenyewe. Kisha unaingia mwezi Januari, na Baiolojia, Kemia na Jiografia zinawajia zote kwa Kiingereza. Sitaki kuingia kwenye mjadala wa lugha ya kufundishia. Tume ya Makweta, ile ya rais iliyochunguza elimu yetu, ilipendekeza Kiswahili sekondari tangu mwaka 1982, pendekezo halikutekelezwa, na tangu hapo kila aliyeshika kipaza sauti amesema lake. Mimi nimepewa watoto na kengele imeshalia. Naandika kuhusu yale yanayowezekana kabla kengele nyingine haijalia.

Niseme ukweli wangu kwanza, nisije nikaonekana nawalaumu ninyi peke yenu. Huo ujanja wa kuwinda maneno, mimi ndiye ninayewafundisha. Mwanzo wa mwaka nafundisha kusoma. Ikifika Agosti, mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili ukianza kunukia, nafunga kusoma nafungua kuwinda: "Pigia mstari neno la swali. Litafute kwenye kifungu. Andika sentensi nzima, usikate." Nawafundisha hivyo kwa sababu linalipa. Na wenzangu wa Kidato cha Tatu na cha Nne wana lao. Riwaya teule zipo kwenye orodha, lakini wanafunzi wanasoma uchambuzi uliobanwa kwa pini kutoka steshenari ya njia panda, wenye dhamira, wahusika na mafunzo yamepangwa tayari. Namfahamu kijana aliyepata alama nzuri sana kwenye swali la riwaya ambayo hajawahi kuona hata jalada lake.

Hayo ni ya macho. La sikio ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mwezi Machi niliwasomea Kidato cha Kwanza B sentensi moja tu: He has to leave at eight. Maneno sita, na hakuna hata moja wasilolijua likiwa ubaoni. Niliisoma mara mbili kwa mwendo wa mtu anayeongea, bila kuvuta na bila kukatakata. Wakaandika. Nikakusanya vikaratasi nikaenda kukaa chini ya mwembe. Wa kwanza: He has to live at it. Wa pili: He hasten live at. Wa tatu: His to leaf a tate. Mmoja, mtoto mwerevu ambaye kwenye Hisabati hashikiki, alikuwa ameandika He star lift eight. Walioipata sawasawa ningeweza kuwahesabu kwa vidole nikabakiza vingine. Kesho yake nikaiandika ubaoni. Darasa zima likapiga kelele: "Aaaah!"

Ile kelele imenikalia kichwani mpaka leo. Maneno yote sita walikuwa nayo, ila waliyapokea kwa jicho. Sikioni hayajawahi kufika.

Na si ajabu. Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa msomaji. Irabu ni tano, kila moja ina sauti yake, kila silabi inapata haki yake, na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto akishamaliza ba be bi bo bu, neno lolote aliloliona atalitamka na neno lolote alilolisikia ataliandika. Anafika kwenye Kiingereza na imani ile ile, na Kiingereza hakimwambii kwamba sheria zimebadilika. Kwake leave na live ni neno moja. Comfortable ukiihesabu kwa macho ina silabi nne, mdomoni mwa Mwingereza mara nyingi zinabaki tatu, nyingine imemezwa. Photograph ina mkazo mwanzoni, ongeza herufi mbili iwe photographer na mkazo umeshahama. Tulichopewa bure ni sauti za th tu, ambazo Wafaransa na Wajerumani wanahangaika nazo, sisi tunazo tangu zamani kwenye thelathini na dhahabu. Ingawa huku kwetu, Mungu atusamehe, bado kuna wanaosema selasini na zahabu.

Mimi mwenyewe nilikuwa natamka island na s yake mpaka nilipofika chuo. Nililiona neno hilo kwenye vitabu vya Jiografia miaka mingi na sikuwahi kulisikia kwa mtu aliyelijua. Aliyenifundisha naye aliliona tu. Nikipiga hesabu ya wanafunzi waliolipokea kutoka kwangu mwaka wangu wa kwanza kazini, naacha.

Mtaala unataja stadi nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Kwenye andalio la somo nazitaja zote nne, kwa kalamu ya bluu, na mthibiti ubora akija anaziona. Lakini mtihani wa maandishi wa Kidato cha Nne ni macho na mkono kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Sikio linabaki nje na viatu vya matope. Na shule zetu ndivyo zilivyo: kisichoulizwa hakifundishwi. Msitutafsiri kuwa ni wavivu. Mkuu wa shule anaitwa wilayani na karatasi ya matokeo mkononi, akirudi anamwita mwalimu wa taaluma, mwalimu wa taaluma ananiita mimi. Katika mnyororo huo wote hakuna anayeuliza kama watoto wanasikia.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili: wekeni swali la kusikiliza kwenye upimaji wa Kidato cha Pili. Siombi maabara ya lugha yenye vipokea sauti vya masikioni. Naomba dakika kumi na tano. Msimamizi afungue bahasha, asome kifungu kifupi mara mbili, wanafunzi wajibu maswali matano. Imla tulizifanya hivyo hivyo, chini ya mabati yanayovuja, bila umeme.

Najua mtakayoyasema, maana nimeshayasema mwenyewe mbele ya kioo. Lafudhi za wasimamizi hazifanani. Kweli, lakini hata mitaani hazifanani, na mtoto anayemwelewa Mhaya na Mchaga wakisoma Kiingereza ana nafasi nzuri ya kumwelewa Mmarekani. Msimamizi mwingine atasoma vibaya. Basi mpeni nusu saa na kifungu kile kabla ya kuingia, chumba kimefungwa, au wekeni sauti iliyorekodiwa pale inapowezekana. Kuna wanafunzi viziwi. Hao wapewe karatasi yao mbadala, na hili lipangwe tangu mwanzo, lisije likakumbukwa asubuhi ya mtihani. Kuhusu uvujaji sina jipya la kuwafundisha, bahasha ni bahasha.

Ila maswali yenyewe, tafadhali, yasiwe ya denzi na fulo. Chukueni mfano. Neema anaambiwa na mama yake abebe mwavuli, anacheka, anakimbia shuleni mikono mitupu. Jioni anarudi, madaftari ameyaficha ndani ya blauzi. Swali: siku hiyo hali ya hewa ilikuwaje? Neno mvua halimo popote kwenye kisa. Aliyeelewa atajibu kabla hujamaliza kuuliza, mwindaji atazunguka kichaka chote asipate mnyama. Maswali ya namna hiyo yanafaa kwa kusikiliza na yanafaa kwa kusoma, na mkiyaweka mawili matatu tu kila mwaka, mimi Agosti sitakuwa na ujanja wa kufundisha. Itanibidi nifundishe kusoma.

Sasa vitabu. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1984 watafiti wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walikipima Kiingereza cha shule zetu, na walichoandika hakikuwa cha kupendeza: wanafunzi wengi wa sekondari walikuwa hawana uwezo wa kusoma masomo yao kwa lugha hiyo. Kuanzia 1987 ukaja mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza kwa fedha za Uingereza, na pamoja nao masanduku ya vitabu vyembamba vya hadithi vilivyopangwa kwa viwango. Cha chini kabisa kina maneno machache na picha nyingi, kinachofuata kimepanda kidogo, na kuendelea. Shule yangu ilijengwa enzi za MMES, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, lakini tulirithi kabati kutoka shule kongwe ya jirani. Nilikaa miaka miwili nikipita mbele yake kila siku nikidhani lina chaki.

Siku nilipofunguliwa kabati hilo nilikuta vitabu thelathini na vinne. Mchwa walikuwa wameonja pembe za baadhi ya vitabu. Lakini nilipofungua kimoja, kurasa za katikati zilikuwa bado zimeshikana pale kiwanda kiliposahau kuzikata. Kitabu kimezeeka bila kusomwa hata mara moja. Mwalimu wa stoo akaniona navikagua, akanisogelea kwa upole: "Madamu, hivyo vimo kwenye leja. Kikipotea kimoja, mimi ndiye nitakayekilipa."

Simlaumu. Mshahara wake ni kama wangu. Lakini ndiyo sababu kamili ya vitabu vile kutosomwa kwa miaka yote hiyo. Hakuna aliyevichukia. Vililindwa tu, vikalindwa sana.

Nikavisaini kwa jina langu nikavipeleka darasani. Sikuvipangia maswali wala sikuwaagiza ufupisho. Dakika ishirini za mwisho za kipindi cha Jumatano, kila wawili kitabu kimoja, anayetaka kwenda nacho nyumbani anaandika jina kwenye daftari. Hadi sasa nimepoteza vitatu. Viwili sijui vilikokwenda, cha tatu bibi wa mwanafunzi aliwashia moto wa kuni akidhani ni karatasi za mjukuu za zamani, na nimekilipa. Sitawadanganya kwamba matokeo yamepaa. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba kuna msichana wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari sikuwa nimesikia sauti yake, alinifuata hadi mlango wa ofisi akauliza, kwa Kiswahili, kama kile kitabu alichomaliza kina sehemu ya pili. Hakina. Nikampa kingine.

Mkitaka ushahidi mkubwa kuliko dawati moja la nyuma, upo, na si wa jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walilifanya jambo hili Fiji, visiwa ambako, kama huku kwetu, mtoto wa kijijini anakutana na Kiingereza darasani. Shule nane za vijijini zilizokuwa na vitabu vya kuhesabika zikapelekewa hadithi za kuvutia, kama vitabu 250 kwa darasa. Kwenye baadhi ya shule mwalimu alisoma kwa sauti pamoja na watoto, kwenye nyingine watoto walisoma kimya wenyewe. Baada ya miezi minane watoto hao walikuwa wakipanda kwa kasi ya takriban mara mbili ya kawaida, katika kusoma na katika kusikiliza pia. Hebu rudieni hapo: kitabu kilifungua sikio.

Neno "za kuvutia" lisiwapite, na ninaloliongeza mimi, "vyepesi", lisiwapite kabisa. Mwaka 2000 Hu na Paul Nation walionyesha kwamba msomaji anayetaka kufuata hadithi bila msaada anahitaji kuyajua maneno kama 98 katika kila 100. Niliwapa watoto wangu ukurasa mmoja wa kitabu cha Baiolojia, penseli mkononi, wapigie mstari kila neno wasilolijua. Wengine waliniuliza kama wanaweza kupigia mstari yale wanayoyajua, ingekuwa haraka zaidi. Mtu anayesoma kwa hali hiyo hasomi, anabeba mawe. Ndiyo maana naomba vile vyembamba, vya kiwango cha chini kuliko heshima yetu inavyotaka. Najua kuna mtu kwenye kikao atasema Kidato cha Kwanza hakiwezi kusoma hadithi ya mbuzi aliyepotea. Mwambieni aje Jumatano.

Na pamoja na vitabu, naomba waraka, ukurasa mmoja unatosha: kitabu cha hadithi kilichochakaa kwa kusomwa kihesabiwe kimetumika, na sehemu fulani ya vitabu ikipotea kila mwaka iandikwe kama chaki inavyoandikwa, bila mtu kukatwa mshahara. Bila waraka huo mtaleta malori ya vitabu, yote yataingia kabatini, na mwalimu wa stoo atalala usingizi mzuri.

Jambo la sauti ni rahisi zaidi, maana vyombo mmeshatupa. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu. Changu kipo, kioo kimepasuka kona lakini kinaimba. Vitabu vya kiada vimo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu na tunavipakua bure. Wekeni na sauti: vifungu vile vile vya kwenye kitabu, vikisomwa na walimu wetu wanaosoma vizuri, mwanamke na mwanamume, na siku nyingine Mkenya, Mganda, Mwingereza. Faili liwe dogo, la kurushiana simu kwa simu, maana bando ni letu. Nina spika ya kuchaji niliyoinunua mnadani, inasikika hadi dawati la mwisho mvua isiponyesha. Wenzetu wa Kenya walifundisha Kiingereza madarasa ya chini kwa redio mwanzoni mwa miaka ya 1980: redio inauliza, inanyamaza, darasa linajibu, redio inaendelea. Kishikwambi hakiwezi kushindwa na redio ya betri.

Lingine dogo, lakini lilinitoa machozi. Kabla ya kusoma au kusikiliza kifungu chochote, huwa nachukua dakika tano kwa Kiswahili. Kama kifungu kinahusu soko la samaki, nauliza nani ameshakwenda mwaloni alfajiri, nini kinatokea mitumbwi ikifika, nani anapanga bei. Wakishayasema hayo kichwani mwao kuna picha, na Kiingereza kikija kinapata pa kukaa. Mkaguzi mmoja alinikuta katikati ya dakika hizo tano. Kwenye taarifa yake aliandika kwamba mwalimu anatumia Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza, nukta. Hakubaki kusikia walivyoisikiliza ile rekodi ya kifungu, naiita kaseti kwa mazoea. Ikiwezekana, kwenye ule mwongozo mnaowapa wakaguzi, ongezeni mstari mmoja unaotofautisha Kiswahili cha kukwepa kazi na Kiswahili cha kuiandaa.

Muda si mwingi. Kwa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Maana yake mwisho wa mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani watamaliza kwa pamoja, na Januari 2028 makundi mawili yatagonga mlango mmoja wa Kidato cha Kwanza. Madawati mtayahesabu, hilo sina wasiwasi nalo, yanaonekana. Naomba katika bajeti hiyo hiyo mhesabu na vitabu vyembamba, na sauti, na bahasha moja ya kusomwa mara mbili.

Kama mna shaka na lolote nililoandika, Kidato cha Kwanza B wana Kiingereza Jumatano kipindi cha tatu. Njooni na sentensi yenu wenyewe, ya maneno sita, muisome mara mbili bila kuvuta. Vikaratasi nitaandaa mimi. Mlango wa darasa hauna kitasa, sukumeni tu.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kiingereza, shule ya kata, Kanda ya Ziwa